Maji ya Samaki

Mbamba, Ziwa Nyasa
9 Januari 1906

Tadei,

Salamu nitakupa ukinijibu. Jana amepita hapa mtu aliyetoka Songea, mguu umemvimba, anasema amemwona mume wangu Athanasi ndani ya boma la Wadachi, kafungwa kamba shingoni pamoja na watu wa vita vya maji. Boma hilo hilo ambalo wewe, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni, unakaa kivulini ukichovya kalamu kwenye wino. Mwezi mzima mume wangu yuko hapo na hujaniandikia hata mstari mmoja. Nimekasirika, ndiyo maana hati ni mbaya. Usije ukasema nimesahau tuliyofundishwa misheni.

Athanasi si mtu wa vita. Hakunywa dawa ya mtu yeyote. Alitoka hapa na mzigo wa samaki wakavu kwenda kuhani msiba wa baba yetu, na kibuyu chenye maji na samaki mmoja hai ndani yake. Unajua vizuri kwa nini alibeba kibuyu. Tulipokuja huko wakati wa mavuno aliwaambia kwamba kwenye mawe yetu kuna samaki wa buluu kuliko joho la Bikira Maria kanisani. Ukacheka mbele ya watu. Ukasema watu wa ziwani ni waongo tangu tumboni, akuletee mmoja hai ndipo utaamini. Mume wangu ni mtu wa kushika neno, akaleta. Njia nzima anabadilisha maji kwenye kila kijito kwa ajili ya kicheko chako.

Sasa nenda kwa hao mabwana zako uwaambie hivyo. Mtoe.

Dada yako,
Adela


Songea, bomani
19 Januari 1906

Dada Adela,

Shikamoo. Umenitukana kabla ya kuuliza, basi nami nijibu kwa kifupi. Shemeji yuko hai. Sikukuandikia kwa sababu njia zilikuwa zimefungwa, na kwa sababu nilitumaini atarudi mwenyewe na habari mkononi.

Askari walimkuta mwendo wa nusu siku kabla ya kufika hapa. Wakafungua kibuyu, wakaona maji. Dada, wewe uko mbali, hujui neno maji limekuwa neno gani huku. Kila aliyepigana alipewa maji ya kugeuza risasi, na sasa mtu akikutwa njiani na maji yasiyo ya kunywa, basi. Shemeji akawaambia ni maji ya samaki. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Samaki alikuwa amekwisha kufa, hana rangi ya kuonyesha. Mkubwa wa boma akasema iandikwe kuwa mtu huyu ni mchukuzi wa dawa. Kichwa cha shemeji nacho ni kigumu. Angesema ni maji ya kunywa angepita.

Lakini kuna mlango. Yupo hapa Mdachi mmoja asiye askari, amekuja kukusanya wanyama awapeleke kwao. Nyoka, vyura, panya, wote anawatia katika chupa za spiriti, nasi tunamwita Bwana Chupa. Alimtazama yule samaki mfu kwa kioo chake akasema huenda mfungwa anasema kweli. Akiletewa wengine wa buluu, atamwambia mkubwa wa boma kwamba kibuyu kilikuwa cha samaki, si cha dawa. Shauri litasikilizwa siku za kwanza za Machi.

Namtuma Mzee Daimu, mpagazi, Mwislamu wa Tunduru, mtu mwaminifu. Ana mikebe ya spiriti na barua ya Bwana ya kumpitisha njiani. Tia samaki humo wakiwa hai, ndivyo Bwana alivyoagiza. Ni siku saba kuja na saba kurudi. Usichelewe. Na matusi uyapunguze, barua nyingine hufunguliwa.

Mdogo wako,
Tadei


Mbamba
1 Februari 1906

Tadei,

Anayefungua barua na asome, sina siri naye.

Mzee Daimu amefika, miguu imempasuka. Anarudi na samaki sita wa buluu. Nimewavua mwenyewe kwa wavu wa Athanasi, mimi mtoto wa milimani ambaye miaka mitatu iliyopita niliogopa maji yakifika magotini. Yeye ndiye aliyenifundisha kufungua macho chini ya maji.

Sikiliza habari zao, ili siku ya shauri uwe na la kusema. Samaki hawa hawatangatangi ziwani. Kila dume ana jiwe lake. Anakula utando wa kijani unaoota juu yake, na akija dume mwingine anamfukuza mpaka mpakani, kisha anarudi kukaa. Ubavuni ana mistari sita myeusi, na kwenye pezi la chini ana vidoa vya njano mfano wa mayai. Hiyo buluu haiko sawa siku zote. Akiwa na hasira ndipo inapokolea, akiogopa anapauka. Jike akitaga huyaokota mayai kwa mdomo, huyaangulia humo humo, na watoto hukaa humo mpaka wapate nguvu. Wiki tatu mama hali kitu, kidevu kimemvimba. Athanasi akimkuta wavuni jike wa namna hiyo humrudisha pale pale, hata kama nyumbani tunakula ugali mtupu. Kwao ni mwiko kumchukua.

Sasa sikiliza na hili. Nimewatia kwenye spiriti wakiwa hai, kama mlivyoagiza. Walipigapiga mkebe kwa ndani kwa muda mrefu, na ile harufu imeniingia kooni haijatoka. Huyo Bwana wako amelelewa na nani? Mtu anapenda kitu kizuri, halafu jambo la kwanza analofanya ni kukizamisha. Lakini nimefanya. Mwambie Athanasi nimefanya.

Dada yako,
Adela


Songea
10 Februari 1906

Dada,

Shikamoo. Mambo yameharibika, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Mikebe ilifunguliwa barazani mbele ya mkubwa wa boma, shemeji amesimamishwa pale na minyororo. Akatoka samaki wa kwanza, kijivu. Wa pili, kijivu. Wote sita wamekuwa kama vipande vya sabuni iliyokaa majini. Spiriti imenyonya rangi yote. Bwana Chupa akang'aka, akasema amefanywa mjinga mbele ya wenzake. Mkubwa wa boma akamgeukia shemeji akamwuliza buluu iko wapi.

Shemeji akajibu, "Mmeiua."

Ni mimi niliyekuwa nikitafsiri, dada. Nilitaka kulainisha, lakini mkubwa yule anaelewa Kiswahili kuliko anavyoonyesha. Shemeji akapigwa viboko ishirini na tano hapo hapo. Hakulia. Mimi nilishika kalamu yangu nikatazama meza.

Nimempigia Bwana Chupa magoti. Amekubali mara moja tu: aletewe samaki hai, amwone kwa macho yake. Tafuta mtungi wa mdomo mpana, ufunike kwa kitambaa. Daimu anajua kila kijito njiani, atabadilisha maji. Fanya haraka, nakuomba.

Tadei


Mbamba
20 Februari 1906

Tadei,

Viboko ishirini na tano, na wewe ukatazama meza. Hilo tutalizungumza siku moja uso kwa uso, na sitakuwa na haraka.

Daimu anaondoka asubuhi hii na mtungi. Ndani kuna samaki wawili, dume wa buluu kutoka jiwe la Athanasi mwenyewe, na mwingine wa rangi ya udongo. Dume amepauka kwa hofu ya mtungi. Msishtuke, mpeni nafasi na maji mengi atarudi. Nimechelewa siku nne, na sababu ya kuchelewa ni yangu.

Sasa shika neno langu hata kama hujawahi kulishika. Huyu wa udongo usimwonyeshe Bwana kwanza. Mwonyeshe Athanasi. Uinue mtungi mpaka usawa wa macho yake, unyamaze, umwache atazame. Kisha uniandikie atakachosema, neno kwa neno, hata kama ni neno moja. Usiongeze lako.

Adela


Songea
1 Machi 1906

Dada mpendwa,

Shikamoo. Daimu alifika jana, samaki wote wawili wako hai. Bwana Chupa amewatia katika pipa kubwa. Dume alikuwa amepauka, Bwana akaweka ndani kioo chake cha kunyolea ndevu. Samaki akaona dume mwenziwe kiooni, akakipiga kwa kichwa, na buluu ikaja mwilini mwake mbele ya macho yetu. Nami nimeona. Ni kweli, dada, ni buluu kuliko lile joho. Bwana alipiga makofi.

Shauri limesogezwa mbele, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Shemeji anakusalimu sana, hali yake ni nzuri. Nilimwonyesha yule wa udongo kama ulivyotaka. Alisema maneno haya: huyo ni wa kabila lingine, hahusiani na wa buluu, na kwa kuwa kidevu kimevimba na hataki kula basi ni mgonjwa, hafai kitu. Bwana naye amewaandika kama aina mbili mbalimbali.

Bwana amefurahi mno, amekuandikia karatasi yenye muhuri. Ibandike mlangoni. Askari wameanza kushuka upande wenu, wanachoma maghala na kuvunja mitumbwi. Wakiona karatasi hiyo watajua wewe ni mvuvi wa Bwana, hawatagusa kitu. Anataka samaki wengine kumi kila mwezi. Endelea kuwavua, dada, wala usije huku. Njia ni mbaya sana.

Nduguyo akupendaye,
Tadei


Mbamba
9 Machi 1906

Tadei,

Lini?

Nijibu hilo kwanza. Ni lini walimwua mume wangu?

Wa udongo ni mke wa yule wa buluu. Ndivyo walivyo samaki hawa, dume amevaa rangi na jike amevaa udongo, na hilo mtoto wa ziwani analijua kabla ya kujua kuhesabu. Athanasi alinionyesha wiki ile tuliyooana, akanicheka nilipodhani ni aina mbili. Na wewe unamtia mdomoni maneno ya mtu wa milimani aliyeshauriana na Mdachi wa chupa.

Si hilo tu. Kidevu kimevimba, hataki kula, ni mgonjwa. Nilikuandikia kwa mkono wangu habari za mama anayebeba watoto mdomoni. Hukusoma, au ulisoma ukitafuta idadi ya samaki tu.

Nikueleze sasa nilichokuficha, maana hakuna tena wa kumfichia. Kwao Athanasi mke akishika mimba hamwambii mumewe kwa maneno. Anatafuta jike mwenye watoto mdomoni, anamleta kwenye bakuli la maji, anaweka mbele ya mume na kunyamaza. Mume anainuka, anampeleka jike yule mwenyewe mpaka ziwani, anamwachia. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Athanasi aliondoka hapa kabla sijajua. Nina miezi mitano. Nilivunja mwiko wa kumchukua jike yule, nikampeleka siku saba za mguu, ili mume wangu ndani ya minyororo ajue ana mtoto. Hakuna mtu wa nyumba ile ambaye angemwona samaki huyo akasema ni mgonjwa. Angelia, Tadei. Au angecheka. Angeomba arudishwe majini.

Nilimwuliza Mzee Daimu. Akatazama vidole vya miguu yake, akasema, "Binti, niliapishwa." Ikanitosha.

Lini, na yuko wapi. Na samaki wangu yuko wapi.

Adela


Songea
18 Machi 1906

Dada,

Tarehe 27 Februari. Daimu aliingia na mtungi tarehe 28, saa za mchana.

Shauri lilisikilizwa ghafla kabla ya siku yake, sijui kwa nini, hakuna anayeniambia mimi sababu. Walinyongwa wengi siku ile moja. Wamezikwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, katika shimo moja. Mahali penyewe napajua. Orodha ya majina iliandikwa na karani, na karani ni mimi. Nilipofika jina lake niliandika polepole, kana kwamba nikichelewa itasaidia. Mkubwa wa boma akaniuliza kama kalamu imeharibika.

Aliniuliza asubuhi ile kama samaki wamefika. Nikamwambia wako njiani. Akasema, "Basi utawaona wewe." Hayo ndiyo maneno yake ya kweli, ya mwisho kwangu.

Sasa unitukane unavyotaka, lakini nawe usikilize. Hujui huku kukoje. Mashamba yamechomwa, watu wanachimba mizizi, juzi nimemwona mwanamke amekufa njiani na mtoto bado ananyonya. Kama ningekuandikia siku ile ungekuja mbio, ukafia njiani, au ungeacha kuvua, na bila samaki hakuna karatasi, na bila karatasi wangekuchomea nyumba. Nilikuwa na dada mmoja aliyebaki. Ndiyo, nilidanganya, na ningedanganya tena. Nilifunga mdomo kama huyo samaki wako, kwa ajili ya kilichomo ndani.

Bwana Chupa aliamua kumtia jike katika spiriti kwa kuwa hali kitu. Alipomwinua juu ya pipa jike akafungua mdomo na watoto wakamwagika majini, wadogo kama mbegu za ulezi. Bwana aliita watu wote waje waone. Akamzamisha mama chupani, akawavua watoto kumi na wanne akawatia katika chupa moja naye. Dume amekufa wiki hii, bado anapigana na kioo.

Wale watoto waliobaki nimewaiba. Nimeiba na kibuyu cha shemeji kutoka kwenye ghala la vitu vya ushahidi. Nilimwambia Daimu kwamba anaweza kukataa, kwa sababu anabeba maji ndani ya kibuyu kile kile, kwenye njia ile ile, na barua ya Bwana safari hii haina habari ya kibuyu. Akafunga mkanda wake akauliza vijito vya kubadilishia maji ni vile vile vya zamani.

Nisamehe.

Tadei


Mbamba
27 Machi 1906

Tadei,

Usijifananishe na samaki yule. Yeye anafunga mdomo kwa sababu ndani mna watoto hai, na anakaa na njaa kwa ajili yao. Ndani ya mdomo wako mlikuwa na maiti ya mume wangu, na ulikuwa unakula. Siku kumi nilimpikia mtu mfu uji moyoni mwangu. Nilikuwa nikisema atarudi amekonda, nitafute nini cha kumpa. Hukuninyima mume, hilo ni la Wadachi. Wewe ulininyima kumlilia kwa wakati wake.

Nami nina langu, nitalisema mara moja na usilirudie kwangu. Zile siku nne nilizochelewa, nilikuwa nimekwisha kumpata dume siku ya kwanza. Siku nne zote nilizimaliza chini ya maji nikimtafuta jike mwenye kidevu. Ningemtuma Daimu na dume peke yake angefika kabla. Ninyi mliniambia siku za kwanza za Machi, nami nikaamini kuna nafasi ya furaha yangu ndogo. Kwa hiyo nikikasirika usidhani ni juu yako tu. Hasira iko ya kutosha, inanifikia na mimi.

Karatasi ya Bwana sikuichana. Nilitaka, nikaishika kabisa. Lakini askari walikuja wakaisoma wakapita, na jioni ile watu wa nyumba zilizochomwa wakaja kulala kwangu. Sasa tuko kumi na mmoja ndani, wanne ni watoto. Karatasi itakaa mlangoni mpaka ioze. Samaki Bwana hapati tena. Akiuliza, mwambie mawe yamehama.

Mzee Daimu amefika na kibuyu. Askari wawili walimsimamisha karibu na huko huko walikomkamata Athanasi, wakamwuliza ni maji gani. Akawaambia ni maji ya kutawadhia, akatawadha mbele yao kwa yale ya juu juu, akasali rakaa mbili huku kibuyu kimewekwa kwenye majani, wakamwacha. Watoto watatu wamefika hai. Niliogelea nao mpaka kwenye jiwe la Athanasi nikafungua kibuyu chini ya maji. Waliingia kwenye ufa wa jiwe. Dume mwingine ameshalichukua jiwe lile, alinijia na buluu yake yote akanigonga mkono, na mimi nikakaa pale nikamwacha anigonge.

Msamaha umeuomba kwenye neno moja chini ya barua. Haupatikani hivyo. Mwezi wa saba nitajifungua, Mungu akipenda. Mtoto akiwa na akili ya kuuliza, nitamwambia baba yake aliuawa kwa kubeba maji ya samaki, akitimiza ahadi. Atauliza aliahidi kwa nani, na samaki alikuwa wa nini. Hapo mimi nitanyamaza, Tadei. Utakuwa umekaa mbele yake, na utamjibu wewe.

Adela,
mke wa Athanasi